Kujiandaa kwa Usaili wa Kazi ya Ukutubi: Mwongozo kwa Anayeitwa kwa Mara ya Kwanza

Mtu akiitwa kwenye usaili wa kazi ya ukutubi, jambo la kwanza analofanya ni kufukua madaftari yake ya chuo na kuanza kukariri maana ya maktaba, aina za maktaba na umuhimu wa maktaba katika jamii. Nimewahi kukaa upande wa msailiwa zaidi ya mara moja, na baadaye nikakaa upande wa jopo katika taasisi ndogo ndogo, na sijaona mtu aliyepata kazi kwa kutaja aina za maktaba. Cheti chako kiko mezani mbele ya wasaili, kwa hiyo wanajua kwamba umefundishwa. Wanachotaka kujua ni kama msomaji atakayesimama mbele ya kaunta, amechoka na hajui hasa anatafuta nini, utaweza kumfikisha kwenye kitabu anachokihitaji. Maandalizi yote yanayoelezwa hapa yanaanzia kwenye rafu na kwa msomaji, kisha ndipo yanarudi kwenye madaftari.

Ninazungumzia zaidi Tanzania Bara, ambako nafasi nyingi za umma hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, lakini anayeomba kazi katika shule binafsi au shirika lisilo la kiserikali atayakuta humu mengi yanayomhusu.

Hatua ya kwanza: soma tangazo upya, mstari kwa mstari

Tangazo la kazi ulilisoma wakati wa kuomba, pengine harakaharaka ukitafuta sifa za mwombaji na tarehe ya mwisho. Sasa lisome sehemu ya majukumu, kwa sababu maswali mengi ya usaili hutungwa humo. Angalia kwanza cheo chenyewe. Mkutubi Daraja la II na Msaidizi wa Maktaba si kitu kimoja, na msailiwa wa nafasi ya pili anayezungumza muda wote kuhusu sera na bajeti ya maktaba huonekana hajui anaomba kazi gani, kama vile msailiwa wa nafasi ya kwanza anayeishia kuzungumzia kufuta vumbi na kupanga vitabu.

Chukua daftari, gawanya ukurasa katikati, na upande wa kushoto nakili kila jukumu kama lilivyoandikwa. Upande wa kulia andika ni lini na wapi uliwahi kulifanya, hata kama ni kwenye mafunzo kwa vitendo. Usiandike "nina uzoefu wa kuorodhesha vitabu." Andika, kwa mfano, kwamba katika wiki nane za mafunzo uliorodhesha vitabu 640 vilivyokuwa vimekaa kwenye maboksi, kwamba tatizo kubwa lilikuwa vitabu visivyo na ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, na kwamba ulilitatua kwa njia fulani. Idadi na tatizo ndivyo vinavyomfanya msaili ainue kichwa kutoka kwenye karatasi zake. Ikiwa kuna jukumu ambalo hujawahi kulifanya kabisa, liwekee alama, kwa kuwa hilo ndilo la kujifunza katika siku zilizobaki.

Hatua ya pili: weka nyaraka sawa mapema

Hapa sitakaa sana, ingawa ndipo watu wengi huanguka kabla hata hawajaulizwa swali. Tangazo la kuitwa kwenye usaili huorodhesha vinavyotakiwa: kitambulisho kinachotambulika, vyeti halisi kuanzia cha kuzaliwa, vya kidato cha nne na cha sita hadi vya chuo, na picha ndogo. Hati za matokeo za muda hazikubaliwi badala ya vyeti. Aliyesoma nje ya nchi anatakiwa awe na uthibitisho wa mamlaka husika, yaani Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kwa vyeti vya vyuo vikuu au Baraza la Mitihani (NECTA) kwa vya sekondari. Majina yakitofautiana, kwa mfano cheti cha kuzaliwa kikisema Mwajuma na cha kidato cha nne kikisema Mwanajuma, shughulikia hati ya kisheria ya majina wiki hii, kwa sababu mlangoni hakuna wa kukusikiliza. Nakili pia namba yako ya usaili kutoka kwenye akaunti yako ya Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi za umma, na ujipangie nauli, malazi na chakula, kwani msailiwa hujigharamia mwenyewe.

Hatua ya tatu: nenda ukaione maktaba

Ikiwa maktaba unayoombea kazi iko mahali unapoweza kufika, nenda kama msomaji wa kawaida, bila kujitangaza. Kaa saa mbili. Tazama watu wanaingia kutafuta nini, ni rafu zipi zimechakaa kwa kuguswa na ni zipi vumbi lake halijatikiswa, ubao wa kanuni unasema nini, kompyuta za kutafutia vitabu zinafanya kazi au zimefunikwa kitambaa. Msailiwa mmoja aliwahi kutueleza kwamba alihesabu wanafunzi waliokuwa wamekaa sakafuni karibu na soketi za umeme ilhali viti vilikuwa vitupu upande wa pili, na akapendekeza kuhamisha meza badala ya kununua viti vipya. Hakuwa na alama za juu kuliko wenzake, lakini jopo lilimkumbuka.

Ikiwa huwezi kufika, ingia kwenye tovuti, tafuta katalogi yao ya mtandaoni na ujaribu kutafuta vitabu kumi. Utajua wanatumia programu gani, wanaainisha kwa mfumo wa Dewey, unaopanga vitabu kwa namba, au wa Maktaba ya Bunge la Marekani, unaoanza na herufi, na kama kazi zao zimekamilika au zimeachwa njiani.

Ijue pia historia na wajibu wa kisheria wa taasisi, kwa kuwa jibu zuri katika maktaba moja linaweza kuwa jibu dhaifu katika nyingine. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania ilianza kwa sheria ya mwaka 1963, na sheria iliyoibadilisha ni ya mwaka 1975. Maktaba Kuu ya Taifa iliyoko Dar es Salaam, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ilifunguliwa na Mwalimu Julius Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Anayeomba kazi huko ajue kwamba bodi hiyo haiazimishi vitabu tu. Inapokea nakala za machapisho ya nchini kwa mujibu wa sheria, inatoa namba za ISBN kwa wachapishaji, na inaendesha Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi Nyaraka kilichoko Bagamoyo. Ukiona namba inayoanza na 978-9976 au 978-9987 ujue kitabu kimechapishwa Tanzania, na ikiwa ni 978-9966 kimetoka Kenya. Hili ni jambo dogo, lakini nimesikia likiulizwa.

Anayeitwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ajue kwamba maktaba yake ilipewa hadhi ya maktaba ya taifa ya kilimo kwa sheria ya mwaka 1991, na kwa hiyo wajibu wake unamfikia mgani na mkulima ambaye hajawahi kukanyaga darasa la chuo. Ukiulizwa "wasomaji wetu ni akina nani?" ukajibu "wanafunzi na wahadhiri" peke yake, umeacha nusu ya jibu mezani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina maktaba ya zamani inayoitwa kwa jina la Dkt. Wilbert Chagula na jengo jipya lililofunguliwa mwaka 2018, lenye uwezo wa kupokea watu 2,100 kwa wakati mmoja. Huko maswali kuhusu kuhudumia umati, kupanga zamu na kulinda mali yana uzito ambao hayawezi kuwa nao katika maktaba ya shule yenye viti 40.

Hatua ya nne: rudi kwenye misingi, lakini kwa mikono

Usaili wangu wa kwanza ulikuwa katika chuo kimoja ambacho sitakitaja. Nilipewa kitoroli chenye vitabu vitano vya historia na kuambiwa nivipange rafuni. Mgongoni viliandikwa 967.8, 967.571, 967.62, 967 na 967.61. Nilikuwa nimekariri madaraja kumi ya Dewey, kuanzia 000 hadi 900, na hata mwaka ambao Melvil Dewey alichapisha mfumo wake, yaani 1876. Nikaanza na 967, nikafuatisha 967.8, kisha 967.61, 967.62 na mwisho 967.571. Mama aliyekuwa akisimamia alitazama, akaandika kitu, akasema asante.

Kosa langu lilikuwa kusoma tarakimu zilizo baada ya nukta kama namba kamili, nikaona nane ni ndogo kuliko sitini na moja, na sitini na moja ni ndogo kuliko mia tano sabini na moja. Baada ya nukta husomwa tarakimu moja moja kutoka kushoto. Tano hutangulia sita, na sita hutangulia nane, kwa hiyo mpangilio sahihi ni 967, 967.571, 967.61, 967.62, 967.8. Anayechanganyikiwa akumbuke hesabu ya desimali za darasa la tano: nukta nane ni themanini kwa mia, na sitini na mbili kwa mia ni pungufu yake. Vitabu hivyo vitano, kwa anayezijua namba, vilikuwa vinahusu Afrika iliyo kusini mwa Sahara kwa ujumla, Rwanda, Uganda, Kenya na Tanzania.

Kwa hiyo usikariri tu. Nenda kwenye maktaba yoyote iliyo karibu, omba ruhusa ya kusaidia kurudisha vitabu rafuni, na fanya hivyo siku tatu au nne. Jifunze namba za mambo yanayoulizwa sana nchini. Lugha ya Kiswahili iko 496.392 na fasihi yake iko 896.392, mkia ni uleule, tarakimu ya kwanza tu ndiyo iliyobadilika kutoka daraja la lugha kwenda daraja la fasihi. Ukiongeza moja mwishoni unapata ushairi, mbili tamthilia, tatu riwaya na hadithi. Malaria iko 616.9362, nyanya 635.642, kahawa 633.73. Ikiwa maktaba inatumia mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani, jua kwamba Tanzania iko kwenye DT, kilimo kwenye S, tiba kwenye R, sheria kwenye K, na Kiswahili kwenye PL kuanzia 8701.

Upande wa uorodheshaji, chukua vitabu vitano vya nyumbani na uviandalie rekodi kamili kwenye karatasi kwa muundo wa MARC 21, yaani ule wa sehemu zenye namba ambao kompyuta za maktaba huusoma. Sehemu ambazo huwezi kuzikwepa ni 020 kwa ISBN, 082 kwa namba ya Dewey, 100 kwa mwandishi, 245 kwa jina la kitabu, 250 kwa toleo, 264 kwa uchapishaji, 300 kwa kurasa na ukubwa, na 650 kwa mada. Taarifa zichukue kwenye ukurasa wa jina uliomo ndani, si kwenye jalada, kwa sababu jalada hupambwa na mara nyingi hufupisha. Kisha geuza ukurasa huo uangalie nyuma yake. Humo ndimo penye mtego: vitabu vyetu vingi huandikwa "toleo la kwanza" na mwaka wake, kisha chini yake orodha ya miaka ambayo kitabu kilipigwa chapa tena. Kupiga chapa tena si toleo jipya. Anayeandika mwaka wa chapa ya mwisho kama mwaka wa toleo atamfanya msomaji aamini kwamba kitabu cha mitaala cha zamani ni kipya.

Jambo jingine linalopendwa na wasaili ni kiashiria cha pili cha sehemu ya 245. Kitabu cha Kiingereza kikianza na neno "The", unaandika 4 ili kompyuta iruke herufi tatu na nafasi moja wakati wa kupanga majina kwa alfabeti. Kiswahili hakina maneno ya namna hiyo, kwa hiyo kwa vitabu vyetu utaandika 0. Ukiulizwa na ukaeleza sababu, utakuwa umeonyesha kwamba unajua kazi, si kwamba umenakili fomu.

Hatua ya tano: mtihani wa mchujo na usaili wa vitendo

Waombaji wakiwa wengi, mchujo wa maandishi ndio hutangulia. Huko madaftari yana kazi yake: kanuni tano za ukutubi za Ranganathan, mkutubi wa India, za mwaka 1931, tofauti ya kanuni za uorodheshaji za zamani, AACR2, na zile mpya, RDA, zilizotolewa mwaka 2010, hatua za kupata vitabu kuanzia uteuzi hadi rafuni, maadili ya utumishi wa umma, na wakati mwingine maswali ya jumla kuhusu taasisi. Jibu kwa ufupi, soma swali mpaka mwisho, gawa muda wako kwa alama zilizotajwa. Sioni haja ya kusema zaidi.

Usaili wa vitendo unahitaji maandalizi marefu zaidi, kwa sababu huwezi kuigiza mbele ya kompyuta. Maktaba nyingi za vyuo nchini zinatumia Koha, programu huria ya kuendeshea maktaba iliyoanza kutumika New Zealand mwaka 2000 na ambayo jina lake kwa Kimaori lina maana ya zawadi. Kwa kuwa ni huria, unaweza kuiweka kwenye kompyuta yenye Linux au kujifunzia kwenye tovuti za majaribio bila kulipa chochote. Fanya kwa mikono yako mambo haya mpaka usifikirie tena kitufe kiko wapi: kusajili msomaji mpya, kuazimisha na kurudisha kitabu, kuongeza rekodi na nakala zake, kutafuta msomaji aliyechelewesha vitabu, na kutoa ripoti ya vitabu vilivyoazimwa kwa mwezi. Ikiwa nafasi inahusu machapisho ya kidijitali ya chuo, pitia DSpace, programu ya kuhifadhia machapisho hayo, na vipengele 15 vya Dublin Core vya kuelezea kila chapisho, na ujue namna ya kupakia tasnifu ya mwanafunzi ikiwa na muhtasari, maneno muhimu na haki za matumizi zilizoelezwa vizuri.

Kwa shule binafsi, hasa zile zenye watoto wadogo, vitendo vinaweza kuwa kitu tofauti kabisa. Unaweza kuombwa kuwasomea watoto hadithi kwa dakika kumi huku jopo likitazama. Chagua hadithi mapema, isome kwa sauti nyumbani, na usiwe mtu wa kusoma huku umeinamia kitabu.

Hatua ya sita: mahojiano ya ana kwa ana

Hapa ndipo penye kazi kubwa. Maswali mengi ya jopo la maktaba hayaulizi unajua nini bali ungefanya nini, na njia bora ya kujiandaa ni kujibu kwa sauti mbele ya mwenzako mwenye saa. Jibu la dakika mbili linatosha kwa maswali mengi. Nitachukua manne ambayo nimeyasikia mara kwa mara, kwa kuwa ukiyaweza hayo mengine yatafuata njia zilezile.

La kwanza ni la msomaji asiyejua anachotaka. Msaili anajifanya mwanafunzi, anakuja na kusema, "Nataka kitabu cha kilimo." Wengi hujibu kwamba watamwelekeza rafu ya 630. Jibu hilo ni la kumfukuza msomaji kwa adabu. Muulize maswali yaliyo wazi: ni kilimo cha zao gani, ni kazi ya darasani au ni shamba, unaihitaji lini, umekwisha kusoma nini? Baada ya maswali matatu utagundua kwamba anatafuta habari za nondo anayeharibu nyanya, yule ambaye wakulima humwita kanitangaze, na kwamba kitabu cha zamani hakitamfaa kwa sababu mdudu huyo ameingia nchini miaka ya karibuni. Sasa utampeleka kwenye 635.642 kwa habari za zao lenyewe, kisha utakaa naye kwenye kompyuta kutafuta makala kwa jina la kitaalamu, Tuta absoluta, katika AGORA, hazina ya mtandaoni ya majarida ya kilimo, ambayo ni sehemu ya mpango wa Research4Life unaozipa taasisi za nchi kama yetu majarida bure au kwa gharama ndogo. Mwishoni muulize kama alichopata ndicho alichokuwa anakitafuta. Swali hilo la mwisho wasailiwa wengi hulisahau, na lina alama zake.

La pili ni la vitabu vya msaada. "Tumepokea maboksi 50 ya vitabu kutoka kwa wafadhili, vingi ni vya zamani. Utafanyaje?" Kila mkutubi nchini anayajua maboksi haya, na jopo linataka kuona kama una uti wa mgongo. Usiseme utavipanga vyote rafuni kwa kuwa vimetolewa kwa upendo. Eleza kwamba utaanza na sera ya kupokea misaada, na kama haipo utapendekeza iandikwe. Kwamba utavichambua kwa kuangalia uhusiano na mtaala au mahitaji ya wasomaji, mwaka wa toleo, hali ya kitabu na lugha yake. Na kwamba kitabu cha tiba chenye vipimo vya dawa vilivyopitwa na wakati si msaada, ni hatari. Kisha eleza utafanya nini na visivyofaa. Kabla ya kuviingiza kwenye daftari la mali unaweza kuvikataa au kuvipeleka kwingine kwa maandishi. Vikishaingizwa vinakuwa mali ya umma, na kuviondoa kuna utaratibu na idhini yake. Mkutubi havichomi moto nyuma ya jengo.

La tatu ni la kutoa nakala. Mwanafunzi ana kitabu cha kurasa 400 ambacho maktaba ina nakala moja tu, na anataka kitolewe nakala chote kwa ajili ya darasa la watu 60. Taja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, eleza kwamba sehemu ndogo kwa ajili ya kujisomea ni jambo moja na kitabu kizima kwa darasa zima ni jingine, kisha, na hili ndilo muhimu, usiishie kwenye kukataza. Sema utakiweka kitabu hicho kwenye rafu ya kuazima kwa saa chache ili kizunguke, utamwambia mhadhiri aagize nakala zaidi, na utatafuta vitabu vya mada hiyohiyo vyenye leseni huria. Mkutubi anayejua kukataza tu hatofautiani na mlinzi wa getini.

La nne ni la siri za wasomaji. Mtu mwenye cheo anakuja kaunta na kutaka kujua fulani ameazima vitabu gani. Msailiwa kijana hupata kigugumizi hapa kwa sababu amelelewa kutowakatalia wakubwa. Jibu kwa utulivu kwamba kumbukumbu za kuazima zinatunzwa ili vitabu virudi, kwamba ni taarifa binafsi zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kwamba utamwomba kwa heshima apeleke ombi lake kwa maandishi kwa mkuu wa maktaba ili utaratibu wa kisheria ufuatwe. Jopo litakubana: "Lakini ni bosi wako!" Baki pale pale. Ukibadilisha jibu kwa sababu sauti imepanda, wameshapata walichokuwa wanakitafuta.

Kuna swali la tano ambalo halimo kwenye orodha yoyote na ambalo limewaangusha watu wengi kuliko sheria zote hizo: umesoma kitabu gani karibuni? Nimeona mwombaji mwenye shahada nzuri akitazama dari. Soma kitabu kimoja kabla ya usaili, kitabu chochote unachokipenda kweli, uwe na sentensi tatu za kukizungumzia na jina la msomaji ambaye ungempa.

Kuhusu lugha, jiandae kwa zote mbili. Tumesomea ukutubi kwa Kiingereza, na kwa hiyo mtu anayelijua somo vizuri anaweza kujikuta akikwama anapotakiwa kulieleza kwa Kiswahili, akabaki akichanganya maneno mpaka sentensi inapoteza kichwa na miguu. Fanya mazoezi ya kusema uorodheshaji, uainishaji, uazimishaji, uteuzi, rejea, majarida, hifadhi. Jambo lisilo na neno lililozoeleka lieleze kwa maneno ya kawaida. Kusema "namba inayobandikwa mgongoni mwa kitabu" hakuna aibu yoyote, na msaili ambaye si mkutubi, kwa mfano afisa utumishi, atakushukuru.

Hatua ya saba: siku yenyewe na jioni yake

Fika saa moja kabla, kwa sababu foleni ya kuhakiki vyeti huwa ndefu na hutembea polepole. Vaa nguo safi na ya heshima ambayo unaweza kuinama nayo, kwani unaweza kuambiwa upange rafu ya chini. Ukiingia, salimu mara moja kwa wote, kwa "shikamooni" ikiwa wamekuzidi umri waziwazi au kwa "habari za asubuhi", na usianze kuzunguka meza ukimpa kila mmoja mkono. Subiri uambiwe uketi. Swali usilolielewa omba lirudiwe, na usilolijua sema hulijui kisha eleza ungelitafuta wapi jibu lake. Katika kazi hii, kujua pa kutafuta ni sehemu ya kazi yenyewe. Ukipewa nafasi ya kuuliza, usiulize mshahara kwa nafasi za umma, kwa kuwa ngazi yake huandikwa kwenye tangazo. Uliza, kwa mfano, ni sehemu gani ya makusanyo ambayo wasomaji wanailalamikia zaidi.

Jioni ya siku hiyo, kabla hujalala, andika maswali yote uliyoulizwa na namna ulivyojibu, kwa sababu baada ya siku mbili utakumbuka tu yale uliyoyaweza. Majibu yakichelewa usikate mawasiliano na akaunti yako. Wapo waliofaulu usaili na kukosa nafasi siku hiyo, majina yao yakahifadhiwa kwenye kanzidata, na wakapangiwa vituo miezi kadhaa baadaye nafasi ilipopatikana. Kwa hiyo hakikisha kwamba namba ya simu uliyoiandika kwenye akaunti bado iko hewani, na kwamba anayeipokea ni wewe.